Barua kwa mpwa wangu aliyekata tiketi ya Broadway

Mpwa wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya mwisho nilikuwa barazani na mama yako, naye alifurahi mno uliposema umekata tiketi ya The Lion King, ule mchezo wa simba unaochezwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maonyesho huko New York. Yeye alitaka kujua bei tu. Mimi nina maneno mengi zaidi, na nimeona niyaandike hadharani ili na wenzako walioko huko wayasome.

Unakwenda kusikia Kiswahili chetu jukwaani. Utamsikia Simba, Rafiki, Sarabi, na Pumbaa, ambaye pengine safu nzima utakuwa peke yako unayejua jina lake limetoka kwenye kupumbaa. Lakini ule mwito wa kwanza, jua linapochomoza, ni wa Kizulu, na sauti za kwaya zinazoubeba mchezo zimetoka kwa Lebo M, mwanamuziki mtoto wa Soweto, Afrika Kusini. Mchezo ulifunguliwa Novemba 1997 katika ukumbi wa New Amsterdam, barabara ya 42, ukahamia ukumbi wa Minskoff mwaka 2006. Ukiwaona Waafrika wamesimama katikati ya jukwaa wakiimba kwa lugha zao, usidhani mlango ule ulikuwa wazi siku zote.

Rudi nyuma hadi Februari 1903. Ule uwanja unaouona pichani umejaa taa ulikuwa bado unaitwa Longacre. Jina la Times Square lilikuja mwaka uliofuata, kwa sababu ya gazeti la New York Times kujenga pale. Mwezi huo George Walker na Bert Williams, wachekeshaji wawili weusi, walileta mchezo wao, In Dahomey, katika ukumbi wa New York Theatre, muziki ukiwa wa Will Marion Cook. Ndio mchezo kamili wa kwanza wa muziki, uliotungwa na kuchezwa na watu weusi, kuingia katika ukumbi mkubwa wa Broadway. Walicheza mara 53, kisha wakavuka bahari hadi London, wakaitwa mpaka kasri la Buckingham. Lakini kule New York, mtu mweusi aliyelipa pesa yake ili awaone ndugu zake alipelekwa juu, roshanini. Chini walikaa wazungu. Naye Bert Williams, mwenyewe mtu mweusi, alijipaka masizi usoni ndipo apande jukwaani, kwa kuwa hivyo ndivyo watazamaji walivyozoea kumwona mtu mweusi. Jambo hili hunichoma kila nikilikumbuka.

Kisha, kuanzia mwaka 1910 hivi, ikapita miaka kumi ambayo weusi karibu watoweke kwenye kumbi zile. Halafu ukaja Mei 1921, na hapa ndipo ninapotaka utulie unisikilize.

Noble Sissle na Eubie Blake walitunga nyimbo, Flournoy Miller na Aubrey Lyles wakaandika kisa na mazungumzo, mchezo ukaitwa Shuffle Along. Walizunguka mikoani na madeni shingoni. Maleba yao yalikuwa mabaki ya michezo iliyoanguka, mpaka ikabidi watunge wimbo ili uendane na nguo zilizopatikana. Ukumbi waliopewa ulikuwa barabara ya 63, mbali na kumbi zenyewe, wala haukujengwa kwa ajili ya mchezo mkubwa. Jukwaa lilibidi lisogezwe mbele.

Ndani yake mlikuwa na wimbo wa mapenzi. Mapenzi ya kweli, kijana mweusi na msichana mweusi, si kichekesho. Hilo halikuwa limezoeleka, na wenyewe waliogopa watazamaji wangefanya fujo. Usiku wa kwanza, wimbo ule ulipokaribia, Sissle, Miller na Lyles walijibanza karibu na mlango wa nyuma, tayari kutimua mbio. Blake hakuwa na pa kukimbilia. Alikuwa mbele kabisa, kwenye piano, mgongo kwa watu. Wimbo ukaisha, watu wakapiga makofi, wakataka urudiwe.

Mchezo wenyewe ukaendelea hadi maonyesho 504. Magari yalizidi hata barabara ile ikafanywa ya njia moja. Na watu weusi wakaanza kukaa chini, kwenye viti vya ukumbini, si juu peke yake.

Jambo moja zaidi, nawe unajua kwa nini linanigusa. Blake alieleza kwamba wanamuziki wa okestra yake waliukariri muziki wote, wakapiga bila karatasi mbele yao. Walikuwa wanasoma noti vizuri sana, lakini wazungu hawakuamini kwamba mweusi anaweza kusoma muziki. Walitaka kuona kipaji cha kuzaliwa nacho tu. Unakumbuka ile harusi niliyopiga fidla, mgeni mmoja akaja kuchungulia karatasi zangu akasema, "Kumbe na nyinyi mnasoma?" Ulikuwa mdogo, umebeba kasha langu. Nilinyamaza usiku ule. Miaka mingi baadaye nilipopata habari za okestra ya Blake, nilikaa kimya tena, lakini safari hii sikuwa peke yangu.

Vitabuni utakutana zaidi na Show Boat ya 1927 na Oklahoma! ya 1943. Ni haki yake, maana michezo hiyo ndiyo iliyozoesha watu wimbo uliofungamana na kisa. Isome, ila usiishie hapo.

Siku ya kwenda, toka mapema. Pita barabara ya 48, kwenye ukumbi uliokuwa ukiitwa Cort. Vijana wa Afrika Kusini walicheza Sarafina! pale mwaka 1988. Tangu 2022 ukumbi huo una jina la James Earl Jones, yule aliyekuwa sauti ya Mufasa, baba yake Simba, kwenye filamu. Ukiwa na nguvu, panda hadi barabara ya 63. Ukumbi wa Shuffle Along ulishabomolewa, lakini simama kidogo.

Kile kijitabu wanachogawa bure mlangoni usikitupe, niletee. Na hukuniambia: kiti chako kiko juu au chini?

Mjomba wako