Neema, kuhusu kipaimara na ile nyumba

Golders Green, London

Neema mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara ya kwanza ndani ya basi, nikaurudia usiku. Nimeona bora nikuandikie, maana mambo ya mirathi hayajibiwi kwa sauti ya dakika mbili huku nakimbilia zamu. Pole sana, dada. Umeezeka nyumba ya wazazi kwa pesa yako ya vitenge, halafu kikao kinakaa, nyumba inakwenda kwa kitindamimba, na wewe unaambiwa ndiyo mila. Ningenuna vilevile. Sasa huyo huyo mdogo wako anakuita kwenye kipaimara cha mwanawe, nawe unaniuliza mimi niliye huku mbali: uende au usiende?

Nitakujibu kwa ninayoyaona kazini. Unajua namhudumia mzee wa Kiyahudi. Ijumaa jua likikaribia kuzama, binti yake anawasha mishumaa. Mezani kuna mikate miwili ya kusuka imefunikwa kitambaa, na wajukuu wamejaa sebuleni. Kabla divai haijabarikiwa, mzee ananyanyua mikono, mimi namshikia kiwiko maana anatetemeka, anawawekea watoto wake kichwani mmoja mmoja. Watoto gani sasa! Binti mkubwa ana mvi kichwa kizima, lakini anainama kama wa chekechea. Wa kike huombewa wawe kama Sara, Rebeka, Raheli na Lea. Wa kiume huambiwa: Mungu akufanye kama Efraimu na kama Manase.

Nilishangaa. Kwa nini si Ibrahimu, si Musa, si Daudi? Hao wawili sisi hata kwenye maigizo ya shule ya Jumapili hatukuwahi kuwapa nafasi. Nikamuuliza yule binti, akaniambia nisome Mwanzo nikiwaangalia ndugu tu. Nikasoma. Kaini anamuua Habili. Ishmaeli anafukuzwa, Isaka anabaki. Esau anangoja baba yao afe ili amuue Yakobo. Yusufu anauzwa vipande ishirini vya fedha. Halafu unafika sura ya 48: Yakobo mzee, macho hayaoni vizuri, analetewa wajukuu, wana wa Yusufu, awabariki, naye anapishanisha mikono. Mkono wa kuume unatua juu ya Efraimu, mdogo. Yusufu anaushika auhamishe: "Sivyo, babangu." Mzee anagoma: "Najua, mwanangu, najua."

Na Manase, mzaliwa wa kwanza, aliyepitwa mbele ya macho yake? Hana hata neno moja. Efraimu naye hajisifu. Wanasema ndio ndugu wa kwanza katika kitabu kile ambao mmoja alipewa zaidi na hawakugeuka maadui. Wapo wanaoeleza vingine, kwamba wanatajwa kwa sababu walizaliwa ugenini Misri na bado wakaishika imani ya babu yao, lakini mimi lililoniingia ni hilo la kwanza.

Sikwambii ukae kimya kama Manase. Ukimya wake wala haunipendezi sana. Pengine aliyeandika hakumuuliza. Nakwambia tu kwamba hawa watu wameliona jambo lako siku nyingi, wakaona linahitaji kuombewa kila wiki, na kwa watu wenye mvi.

Kilichonikera hasa ni siku ya kikao. Siku ya tatu baada ya mazishi, Neema! Bibi wa nyumba hii alipofariki, walikaa ndani siku saba kwenye viti vifupi, vioo vimefunikwa, mlango wa mbele umerudishiwa tu ili wageni waingie bila kubisha. Mgeni anaingia, anakaa, hasemi mpaka mfiwa aanze. Habari za biashara hakuna. Kwenye Mishna, sheria zao zilizokusanywa mnamo mwaka 200, mwalimu mmoja anaitwa Shimoni mwana wa Elazari anasema usimtulize mwenzako saa ya hasira yake, wala usimfariji maiti wake akiwa bado amelazwa mbele yake. Ninyi turubai halijashushwa mnajadili hati. Maneno aliyokutolea mdogo wako siku ile yalitoka kwa mtu ambaye hajalala usingizi tangu msiba. Na ya kwako pia, samahani.

Sasa bati. Mishna hiyo hiyo inasema Siku ya Upatanisho, wanapofunga kutwa nzima, hufuta makosa ya mtu na Mungu wake. Ya mtu na mwenzake haiyafuti mpaka amridhishe mwenzake. Maimonides, tabibu na mwanasheria wao aliyeishi Misri karne ya 12, akaongeza kwamba mwenye deni akishalipa bado ana kazi ya kwenda kuomba radhi. Akikataliwa, alete marafiki watatu wambembelezee. Ikishindikana, mara ya pili, na ya tatu. Baada ya hapo amwache, dhambi imehamia kwa aliyekataa. Mimi hapo napapenda kwa sababu hakuna anayemwambia mwenye haki yake "samehe tu yaishe". Deni linabaki deni.

Mdogo wako amepiga simu hukupokea, akamtuma mama mdogo. Najua hajagusa habari ya bati. Nenda kipaimara, ule, ucheze, bati usilitaje mbele ya mtoto. Wiki ikipita mwite, mama mdogo awepo, uweke risiti mezani. Unazo bado? Kama zimepotea, fundi aliyeezeka yupo na anajua bei. Usidai pesa, hana. Dai chumba kile cha uani, kiandikwe kwa jina lako na mashahidi wasaini. Nadhani atakubali, maana anajua nani alinunua misumari.

Niambie ni Jumapili gani na mtoto anavaa viatu saizi gani, nitume kwa dada yangu anunue hapo Moshi. Na uniambie na rangi, nisije nikaletewa lawama.

Wasalimie wote,
Rehema