Zakaria alikuwa bubu tu?

Mhariri,

Juni 24, sikukuu ya kuzaliwa Yohane Mbatizaji, binti yangu alinivuta mkono katikati ya somo. Yeye ni kiziwi, kwa hiyo sisi tukisikiliza, yeye hufuata katika Biblia yake. Kidole alikuwa amekiweka kwenye Luka 1:62: "Wakamwashiria babaye." Akaniuliza kwa ishara: kama Zakaria, baba wa Yohane, ni bubu tu, masikio yake mazima, si jamaa wangemwuliza jina la mtoto kwa mdomo?

Nilikwama. Jioni nikampigia shemeji yangu aliyesomea Kigiriki. Akacheka, akasema mtoto ameuliza la maana. Neno linalofasiriwa "bubu" katika Luka 1:22 ni kofosi, na asili yake ni butu. Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, analitumia kwa mshale usio na makali, na kwa wimbi lisilovuma. Mdomo ukiwa butu huyo ni bubu. Sikio likiwa butu ni kiziwi. Wagiriki waliwaita wote wawili kofosi. Ndiyo maana katika Mathayo 9:33 kofosi ananena, tukasoma "bubu", na katika 11:5 makofosi wanasikia, tukasoma "viziwi". Hapo sina ugomvi na wafasiri.

Kwa Zakaria ndipo ninaposita. Kweli, malaika alipomwadhibu, katika aya ya 20, alimtajia kutosema tu. Lakini jamaa wazima wampungie mikono mtu anayewasikia? Mimi naona alikuwa vyote viwili. Sidai Biblia ichapwe upya; tanbihi moja chini ya ukurasa ingetosha.

Nasema haya kwa sababu mtaani mwanangu anaitwa "yule bubu", na nikilalamika najibiwa kwamba hata Biblia imeandika hivyo. Bubu gani huyo, anayebishana na wenzake kwa mikono toka kituo cha daladala hadi mlangoni kwangu, mpaka chakula kinapoa? Wenyewe jina wameshalichagua: chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania. Bubu hamo.

Nilipomweleza aliyosema shemeji, alichukua penseli. Kwenye Biblia yake, pembeni ya Luka 1:22, sasa pameandikwa: "na kiziwi".

Mzazi,
Morogoro