Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mahesabu atayasoma mweka hazina, siyarudii. Mimi nina deni la mkutano uliopita: mlitutuma tutafute habari za mji mdogo ambako maziwa na kiwanda vimekua pamoja. Kamati imeuchagua Carlos Barbosa, kwenye milima ya jimbo la Rio Grande do Sul, kusini mwa Brazil. Hatukusafiri. Kwa nauli ile tungeuza hata ndama.

Mji wenyewe una watu wapatao elfu 30, wengi wao wajukuu na vitukuu vya wakulima waliohamia kutoka Italia. Mwaka 1911 mhunzi Valentin Tramontina alifungua karakana hapo, na kilichompa jina ni visu vya kukunja, mpini wa pembe. Mwaka 1912 wafugaji nao wakaanzisha ushirika wa maziwa, Santa Clara. Hadi leo unakusanya maziwa na kutengeneza jibini, na kila Julai mji hufanya sherehe ya jibini.

Mimi nilinogewa na habari za mjane. Valentin alifariki 1939. Mkewe, Elisa De Cecco, hakufunga karakana. Alipanda treni na visu vyake hadi Porto Alegre, mji mkuu wa jimbo, akavitembeza mwenyewe kwa wanunuzi. Leo karakana hiyo ni kampuni ya Tramontina, inaajiri maelfu ya watu na bidhaa zake zinauzwa nchi nyingi. Bila reli ile, sidhani.

Nasema hivyo kwa sababu masika yaliyopita maziwa yetu yaliganda mara mbili tukimsubiri mnunuzi. Barabara imekatika, simu ya dereva haipatikani, madebe yako juani, na mimi mwenyekiti nimekaa juu ya jiwe nikifukuza nzi. Waliopata hasara, kamati inawaomba radhi.

Vijana waliniomba nisisahau mpira: timu ya futsal (mpira wa miguu wa ukumbini) ya mji huo, ACBF, imetwaa ubingwa wa ligi ya taifa mara 5. Nimesema.

Kwa hiyo tunaomba kibali chenu kwa jambo moja. Fedha ya akiba tusiitumie kupaka rangi ofisi mwaka huu; tununue pikipiki ya matairi matatu, tupeleke maziwa mjini wenyewe. Najua wapo wanaoitaka ile rangi. Fomu za kura ziko kwa katibu, na zoezi litafungwa kabla ya chakula.