Mdogo wangu, uchafu na ubovu ni vitu viwili

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie, na uwape Mama na Baba shikamoo zangu. Mimi mzima. Umeuliza kama ni kweli naishi kwa kuuza vitu walivyovichoka wenzangu. Ni kweli, ila si kila kinachotupwa kina pesa ndani yake.

Mtu akishakichoka kitu, hatofautishi uchafu na ubovu. Riziki yangu iko hapo. Cherehani imekaa stoo miaka, gurudumu halizunguki, mwenyewe anasema imekufa na anaiachia kwa bei ya chuma chakavu. Mara nyingi haijafa, ni mafuta ya zamani tu yameganda kwenye viungo. Idondoshee mafuta ya taa kwenye kila tundu la mafuta (mbali na moto!), iache ilale hivyo usiku kucha, kisha tikisa gurudumu polepole bila kulazimisha. Ikilegea, ipanguse, itie mafuta mepesi ya cherehani, badilisha sindano, halafu mshonee mteja kitambaa mbele ya macho yake. Maelezo hayamshawishi mtu kama mshono ulionyooka. Nazipenda Singer za zamani kwa sababu namba iliyogongwa kwenye chuma inakuwezesha kujua ilitengenezwa mwaka gani, na vipuri vyake havisumbui kupatikana. Lakini mwili wake ukiwa na ufa, achana nayo hata ukipewa bure.

Kutu ya juu juu isikutishe. Loweka kipande kwenye siki usiku mmoja, sugua, suuza, kausha na upake mafuta papo hapo, la sivyo kutu inarudi kabla hujamaliza kujisifu. Kutu iliyokwisha kutoboa chuma mwachie mwenyewe.

Kuna vitu sivigusi kabisa. Maikrowevu, kwa sababu kapasita yake inaweza kushika umeme wa kuua hata ukishachomoa plagi. Helmeti na viti vya gari vya watoto, kwa kuwa huwezi kujua kama vimewahi kupata ajali. Magodoro: kunguni. Na samani za zamani zenye rangi usizipige msasa zikiwa kavu, rangi za enzi zile nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Kuhusu bei, usitazame anachoomba muuzaji mwenzako, maana kuomba hakuna kodi. Tafuta vilivyokwisha kuuzwa vilikwenda kwa ngapi, utoe nauli, vipuri na saa zako za kazi. Kisichobakiza kitu hapo, kipite. Mimi nilivipenda vingi mno, sasa sebuleni kwangu hakuna pa kukaa. Hilo Mama asilisikie.

Ukipata cherehani, kabla hujalipa nitumie picha ya chini yake na ya sehemu ya bobini (kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini), uniambie pia kama gurudumu linacheza hata kidogo.

Dada yako akupendaye