Vyuo vifundishe vibonzo kwa programu huria

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee vijana wanaojifunza kutengeneza vibonzo na madoido ya video, kazi inayohitajika sana leo katika matangazo, taarifa za habari na filamu zetu. Chuoni nilikosoma tulifundishwa kwa programu za kulipia zilizowekwa kwenye kompyuta bila leseni, na tulipohitimu hatukuwa na uwezo wa kuzinunua wala ujasiri wa kumweleza mteja tulikozipata.

Hali hiyo haina sababu ya kuendelea. Blender, inayosimamiwa na taasisi iliyoko Amsterdam, imekuwa programu huria, yaani ya bure ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuibadilisha, tangu mwaka 2002, baada ya watumiaji wake kuchanga euro 100,000 ili msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, ufunguliwe kwa wote. Humo fundi huunda maumbo ya pande tatu, huyapa mwendo, na hata huyaunganisha na picha zilizopigwa kwa kamera. Mwaka 2025, Flow, filamu kutoka Latvia iliyotengenezwa kwa Blender, ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora ndefu ya vibonzo. Kwa uhariri wa video na urekebishaji wa rangi zake, toleo la bure la programu ya DaVinci Resolve linatosha kwa kazi nyingi.

Kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro, yaani kifaa cha ndani kinachochakata picha, bado ni ghali, na huko ndiko ada za wanafunzi zingepaswa kuelekezwa. Naviomba vyuo vyetu viingize Blender katika mitaala, na walimu waandike miongozo yake kwa Kiswahili.

Mtengeneza vibonzo,
Morogoro