Barua ya wazi kwa watafiti vijana: ulizeni mapema kama majina yenu yatakuwemo kwenye makala

Wanangu mlioko Ifakara, Muheza, Kisumu na kwingineko mnakochambua mbu hadi macho yanauma,

Shikamoo zenu nimezipokea. Nimestaafu, ila malalamiko mnayoniletea ni yale yale: makala imetoka, jina langu halimo. Nikiuliza mliongea lini na mkuu wa mradi kuhusu jambo hilo, kimya.

Najua kinachowafunga mdomo. Mkataba ni wa muda, mradi ukiisha na wewe basi, na tumelelewa kwamba mdogo hamdai mkubwa. Lakini kuuliza si kudai. Mnapokaa kupanga kazi, sema: "Profesa, naomba kuelewa, kwenye makala zitakazotoka mimi nitakuwa na nafasi gani?" Jioni mwandikie barua pepe ya shukrani, urudie mlichokubaliana. Itunze.

Kanuni nazo mzijue. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba inataka mwandishi atimize mambo manne: awe na mchango mkubwa katika kubuni utafiti, kukusanya data au kuichambua, ashiriki kuandika rasimu au kuihakiki kwa kina, aidhinishe toleo la mwisho, akubali kuwajibika. Wengi mnakwama kwenye hilo la pili. Umekesha bonde la Kilombero na mitego ya taa, rasimu hukuonyeshwa, unaishia kwenye orodha ya shukrani mwishoni mwa makala. Kamati hiyohiyo inasema aliyetimiza la kwanza apewe nafasi ya kutimiza yaliyobaki. Basi omba rasimu. Ukiipata, ihakiki kwelikweli, si kujibu "nimeona, asante Prof." (Na kutega mitego kwa kuelekezwa tu hakumfanyi mtu mwandishi, tusidanganyane.)

Mnamkumbuka Erasto Mpemba? Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa shule ya sekondari Magamba, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu, aliouweka kwenye friza ungali moto, ukiganda kabla ya uliopozwa. Alichekwa. Baadaye Dk. Denis Osborne, aliyefundisha fizikia chuoni Dar es Salaam, alitembelea shule ya Mkwawa, Iringa, Mpemba akamuuliza kwa nini chenye moto huwahi kuganda, naye akaenda kulipima. Makala yao ya 1969 ina majina mawili, la Mpemba likitangulia. Wanafizikia bado wanabishana kama kweli maji ya moto huwahi kuganda. Kuhusu nani aliuliza, hakuna ubishi.



Mwenye kikao na mkuu wake wiki hii anitumie kwanza maneno atakayosema, tuyanyooshe pamoja. Napatikana baada ya isha.

Babu yenu,
Tanga