Risala kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuzindua Orodha ya Pamoja ya Maneno ya Mada

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mlezi wetu, walimu wetu wa ukutubi, wazee wa mtaa mlioacha shughuli zenu za Jumamosi, wanakikundi wenzangu, itifaki imezingatiwa. Hamjambo?

Kwa niaba ya wanakikundi wote 14, sisi wakutubi, tunakukaribisha katika ukumbi huu wa Eastlands. Umepita msongamano wa Jogoo Road na bado ukafika kabla ya mweka hazina wetu, ambaye anaishi hapo ng'ambo ya uwanja. Tunakushukuru sana.

Mheshimiwa, kikundi hiki kilizaliwa kwa sababu ya neno moja: makavazi. Tulipokuwa mwaka wa pili wa stashahada, mwalimu wetu alituambia, "Nendeni makavazi, mkatafute habari za leso." Nusu yetu tukapanda matatu hadi Museum Hill, kwenye Makumbusho ya Taifa. Nusu ya pili wakashuka Moi Avenue, karibu na sanamu ya Tom Mboya, kwenye lile jumba la nyaraka ambalo makanga wa matatu huliita "Archives". Jioni tukaanza kulaumiana, kumbe hakuna aliyepotea. Magazeti yetu huyaita makumbusho makavazi, na kamusi hupaita mahali pa kutunzia nyaraka makavazi vilevile. Mwalimu alijitetea kwamba alikusudia pote pawili. Hilo hatujaliamini mpaka leo.

Kilichotufanya tuendelee kukutana ni yale tuliyorudi nayo. Waliokwenda Museum Hill waliikuta leso yenyewe, nguo ya pamba, lakini waliifikia kwa kuuliza "vazi la mwanamke wa Pwani", maana neno leso halikuwafikisha popote. Wa Moi Avenue waliambiwa kwa upole kwamba pale mtu haulizi leso. Anauliza ni ofisi gani ya serikali iliyoshughulika na jambo hilo. Basi wakapekua mafaili ya PC, yaani mkuu wa mkoa, wa Pwani, na baada ya siku tatu wakaikuta leso imejificha ndani ya barua za forodha, kati ya vitambaa vilivyotoka nje. Mmoja wetu aliyepitia maktaba akiwa njiani kwenda nyumbani alipata kitabu kizima kuhusu misemo yake, ila jina lake lilianza na herufi K, kwa sababu mwandishi aliiita khanga.

Nguo moja, nyumba tatu, majina matatu. Na hakuna nyumba iliyojua kwamba nyingine ina kipande cha habari ile.

Hatusemi hayo kwa kulaumu. Kila nyumba ina desturi yake, na desturi hizo zina sababu. Mkutubi hueleza kitabu kimoja kimoja. Mtu wa makumbusho hueleza kitu kimoja kimoja na kukipa namba siku kinapoingia. Mtunza nyaraka haruhusiwi kuchambua mafaili ayapange upya kwa mada, kwa sababu barua ikitolewa ndani ya faili lake hupoteza nusu ya ushahidi wake: nani alimwandikia nani, baada ya barua ipi, kwa amri ya nani. Kwa hiyo hata orodha iwe nzuri namna gani, haiwezi kuyalazimisha mafaili yakae kama vitabu rafuni. Walimu wetu walitukumbusha pia kwamba sheria iliyounda huduma ya maktaba ya taifa na sheria ya nyaraka za umma zote ni za mwaka 1965, huku mizizi ya makumbusho ikirudi nyuma hadi 1910. Ni ndugu waliolelewa nyumba tofauti.

Mheshimiwa, tunachozindua leo ni orodha ya maneno ya mada, yaani maneno ya kutafutia habari, ambayo nyumba zote tatu (maktaba, makumbusho na jumba la nyaraka) zinaweza kuitumia bila yeyote kutupa orodha yake ya zamani. Siri yake ni ndogo. Kila maana imepewa namba, na maneno yananing'inia kwenye ile namba. Namba yenyewe haina maana yoyote, na huo ndio uzuri wake, kwa sababu hakuna kabila wala nchi itakayoigombania.

Maneno ndiyo yanayogombaniwa. Naomba nikusomee ukurasa wa leso, uliotugharimu Jumamosi mbili na urafiki mmoja ambao sasa umepona. Juu kuna namba. Chini yake pameandikwa: Leso (vazi). Mabano hayo yapo kwa sababu kuna ukurasa mwingine wa Leso (kitambaa cha mkononi), na ng'ambo ya mpaka ukisema leso watu hufikiria kitambaa cha kufutia jasho. Kisha: kanga, khanga, tazama Leso (vazi). Halafu onyo: usichanganye na Kanga (ndege). Kisha maana pana: mavazi ya kujifunga. Kisha tazama pia: misemo, mavazi ya harusi, biashara ya vitambaa. Mwanakikundi mmoja, ambaye mama yake ni wa Tanga, alisimama akasema neno kuu liwe kanga, na kwamba sisi wa Kenya tumelichukua jina la kitambaa cha pua tukalivalisha bibi harusi. Alijibiwa kwamba husimuliwa nguo hiyo ilianza kwa kushona pamoja vitambaa vya mkononi, kwa hiyo tumelichukua jina kwa haki. Mwishowe tukakubaliana kwamba mtu akiandika lolote kati ya hayo atafikishwa mahali pamoja. Yeye bado hajatia sahihi.

Hatukuyabuni haya. Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo ina ofisi hapa Nairobi tangu 1966, ilianza kutengeneza orodha yake ya vichwa vya mada mwaka 1898, na vitabu vingi vya vyuo vyetu vimeelezwa kwa vichwa hivyo. Taasisi ya Getty kule Los Angeles ina orodha yake ya sanaa na majengo, ambayo makumbusho mengi duniani huitumia. Mwaka 2009 shirika la W3C, linaloweka kanuni za wavuti, lilipitisha kiwango kiitwacho SKOS, ambacho ni namna ya kuiambia kompyuta uhusiano wa maneno ya orodha moja na ya nyingine. Kiwango hicho kinatulazimisha kuwa wakweli. Huwezi kusema tu kwamba maneno mawili yanafanana. Lazima uchague: ni sawasawa kabisa, ni karibu sawa, hili ni pana kuliko lile, hili ni finyu, au yanahusiana tu. Tulipoanza, kwa uvivu, kila kitu tulikiandika "sawasawa kabisa". Mwalimu aliturudishia kurasa zote.

Kwa nini alizirudisha? Naomba nikupeleke Kilifi kidogo.

Kigango, Mheshimiwa, ni mti uliochongwa kwa heshima ya mzee wa chama cha Gohu aliyefariki, miongoni mwa Wamijikenda. Husimamishwa bomani na hautakiwi kuondolewa. Katika orodha za kigeni tulizopitia tulikuta kigango kimeitwa nguzo ya kaburi, sanamu, na sanaa ya Afrika. Si nguzo ya kaburi, kwa maana si lazima mwenyewe awe amezikwa pale. Na ukikiita sanaa bila kuongeza neno, umekitayarishia bei. Vigango vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja pamoja na vigango vyake viwili, na muda si mrefu vikaibwa. Mwaka 1999, akiwa ameketi kwenye mkutano wa wasomi Marekani, akaona kimojawapo kwenye slaidi ya mtu mwingine. Kilikuwa kwenye makumbusho ya Illinois. Cha pili kilikuja kuonekana katika makumbusho ya chuo kikuu cha Hampton, Virginia. Mwaka 2007 vyote viwili vikarudi kwa wenyewe.

Sisi wakutubi tukisikia kisa hicho tunafurahi, halafu tunaona aibu. Miaka kumi na minne, na kilichovipata ni jicho la mtu mmoja lililokumbuka picha yake. Huku picha, huku kitu, huku maandishi kuhusu Gohu, na hakuna neno lililoviunganisha. Mradi wa International Inventories Programme, ambamo Makumbusho ya Taifa yameshirikiana na makumbusho ya Cologne na Frankfurt, umeorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo nje ya nchi. Hivyo vyote haviwezi kungoja bahati ya slaidi. Kwa hiyo katika orodha yetu Kigango ni neno kuu, kwa lugha ya wenyewe, na uhusiano wake na "sanamu" tumeuandika kuwa wa kuhusiana tu. Maelezo yake tuliyaandika kwa simu, tukisomewa na mzee wa Kilifi aliyetusahihisha mara tano na kutukatia simu mara moja.

Lipo pia jambo la maneno yanayouma. Vitabu na mafaili ya zamani huwaita Wamijikenda "Wanyika", yaani watu wa porini. Vita vya ukombozi vya miaka ya hamsini kichwa cha mada cha Marekani huviita Hali ya Hatari ya Mau Mau, 1952 hadi 1960, ambayo ni lugha ya tangazo la gavana. Na hapa kwetu chama cha Mau Mau kiliendelea kuwa haramu kisheria hadi 2003. Wengine kati yetu walitaka majina ya kikoloni yafutwe kabisa. Mimi nilikuwa mmoja wao, na nakiri nilikosea. Faili limeandikwa jina lile, na mjukuu anayemtafuta babu yake aliyewekwa kizuizini atalipata kwa jina lile tu. Tumeyaacha, lakini yamekaa kama mlango wa nyuma: ukiyaandika unapelekwa kwenye neno tunalolitumia sasa, na unaelezwa ni nani aliyelitumia lile la zamani.

Mfano wa karibu zaidi uko katikati ya jiji. Joseph Murumbi, makamu wa rais wa pili wa Kenya, alikusanya sanaa, vitabu na nyaraka kwa wingi. Baadhi viko kwenye jumba la nyaraka, Moi Avenue. Vingine viko Nairobi Gallery, ile iliyokuwa ofisi ya PC, chini ya Makumbusho ya Taifa. Kutoka mlango mmoja hadi mwingine ni kama dakika ishirini kwa miguu, ukikwepa wachuuzi. Tulimtuma mwanakikundi ahesabu ni kwa namna ngapi jina lake limeandikwa, maana aliitwa pia Zuzarte. Alirudi akasema anaomba kazi nyingine.

Mheshimiwa, matatizo hayakosekani. Kipakatalishi chetu ni kimoja na betri yake imekufa, kwa hiyo stima ikipotea mkutano umekwisha. Taasisi moja, ambayo jina lake naliweka kapuni, ilitujibu kwa barua yenye muhuri kwamba orodha ya maneno yake ni siri. Tulizunguka miezi minne tukijaribu kuelewa neno linawezaje kuwa siri. Orodha yetu kwa sasa ina maneno machache, na mengi ni ya Pwani na ya hapa Nairobi. Ya Turkana na ya Wasomali wa Garissa hatujathubutu kuyagusa bila wenyewe kuketi nasi.

Ombi letu la kwanza ni barua yako ya utambulisho, ili tukibisha hodi katika nyumba hizi tatu tuonekane watu wazima. La pili ni nauli na chakula cha mchana kwa wazee watakaotusahihisha, kwa sababu hadi sasa tumekuwa tukiwashukuru kwa chai ya rangi. Kipakatalishi hatukiombi leo, ila ukikiona njiani usikipite.

Sasa tunakuomba usogee kwenye meza, uandike neno lolote kwenye kompyuta ili orodha ifunguliwe rasmi. Andika leso, andika ngoma, andika jina la mtaa uliozaliwa. Tunakuomba tu usianze na mbuzi. Tumeshawatenganisha Mbuzi (mnyama) na Mbuzi (kifaa cha kukunia nazi) kwenye karatasi, lakini kwenye kompyuta bado, na jana usiku alikuwa akituletea ripoti za chanjo.

Karibu, Mheshimiwa.

Ni sisi wanakikundi.